Bajeti na Wafanyakazi wa Idara ya Uhamisho wa Makazi: Mwongozo Kamili kwa Maafisa wa Nairobi

Mwongozo huu umeandikwa kwa afisa aliyekabidhiwa kazi ya kuanzisha, au kuisimika upya, idara ya serikali inayohamisha wakazi ili nyumba za umma zijengwe au zikarabatiwe. Huenda ni mtaa wa zamani wa baraza la jiji ambao majengo yake yamechakaa, au ni kijiji cha mabati kilichopo Mukuru, Kibera au Mathare. Hesabu nitakazotoa ni mifano niliyoitunga kuonyesha jinsi ya kukokotoa, wala si viwango rasmi. Kila afisa anapaswa kuweka bei halisi za mahali pake na za mwaka wake. Sheria na tarehe nilizozitaja ni za Kenya.

Kosa kubwa ninalolijua katika kazi hii ni kuanza na jengo. Mhandisi analeta gharama ya ujenzi, wakuu wanaipitisha, kisha mtu anakumbuka kwamba pale pana watu na anaongeza asilimia fulani mwishoni kwa jina la "gharama za uhamisho". Bajeti iliyotungwa hivyo haijawahi kutosha, kwa sababu haikuhesabu kitu chochote. Bajeti ya uhamisho huanzia kwenye kaya moja, mlango mmoja, na kupanda juu.

Hatua ya kwanza: jua mamlaka yako yanatoka wapi na yanaishia wapi

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kiwango kinachofaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaiachia serikali ya kitaifa sera ya nyumba, na kuzikabidhi kaunti mipango na maendeleo, yakiwemo makazi. Kwa hiyo Nairobi utakutana na miradi ya aina mbili ikiwa imepakana: ya Idara ya Serikali ya Nyumba na ya Kaunti ya Jiji. Kabla ya kuandika shilingi ya kwanza, pata barua inayosema nani ana dhamana ya kuwahamisha watu, nani anamiliki ardhi, na fedha zitatoka katika kasma, yaani fungu la bajeti, ya nani. Nimeona mkutano mzima wa wakazi ukivunjika kwa sababu maafisa wawili wa ofisi mbili walisimama mbele ya watu na kila mmoja akamtaja mwenzake kuwa ndiye atakayelipa.

Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, ndiyo inayoweka masharti ya kuwaondoa watu, na kila sharti lina gharama. Notisi ni ya maandishi na si chini ya miezi mitatu. Kwa ardhi ya umma, notisi hiyo hutangazwa pia katika Gazeti Rasmi, katika gazeti linalosambazwa nchi nzima na, inapofaa, redioni kwa lugha ya wenyeji. Maafisa wa serikali au wawakilishi wao wanapaswa kuwapo, hatua maalumu zichukuliwe kuwalinda wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu, na mali iliyoachwa ilindwe. Tena sheria inawapa walioathirika nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa mali yao wenyewe. Sharti hili la mwisho husahaulika mno kwenye bajeti, ilhali bati lililotumika miaka 10 bado lina mnunuzi, na mwenye nyumba aliyepewa siku 4 za kung'oa mabati na mbao zake kwa utulivu hageuki kuwa mdai mahakamani kwa urahisi. Weka siku hizo kwenye ratiba, weka walinzi wa usiku kwa siku hizo, na uwalipe.

Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 2021 kuhusu wakazi wa kijiji cha Mitumba kilichobomolewa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, iliweka wazi kwamba watu wanaokaa kwenye ardhi ya umma bila hati nao wana haki ya makazi inayolindwa. Mwanasheria wa idara asiyeujua uamuzi huo vizuri atakugharimu pesa nyingi kuliko mshahara wake.

Hatua ya pili: rejista ya kaya kabla ya bajeti

Idara haiwezi kuomba fedha kwa watu ambao haijawahesabu, na haiwezi kuhesabu watu bila fedha. Njia ya kutoka hapa ni kuomba kwanza mgao mdogo wa maandalizi, mwaka mmoja wa fedha kabla ya uhamisho wenyewe, kwa ajili ya uandikishaji, ramani na mikutano ya hadhara. Yeyote anayekushauri kuruka mwaka huo anakuokolea kidogo leo na kukutoza mara kumi baadaye.

Tuchukue kijiji cha kaya 1,200. Timu ya waandikishaji wawili, mmoja wa idara na mwingine kijana wa mtaa huo, inaweza kuandikisha kaya 12 kwa siku ikifanya kazi kwa makini. Hiyo ni siku 100 za timu. Ongeza siku 20 za kurudia milango iliyokutwa imefungwa, kwa maana wengi hutoka alfajiri kwenda Industrial Area au mjengoni na hurudi usiku. Ukiwa na timu 10, utamaliza kwa siku 12, zikiwemo Jumamosi na jioni kadhaa. Waandikishaji 20 kwa siku 12 kwa posho ya shilingi 2,500 ni shilingi 600,000. Juu yake kuna simu za kunakilia taarifa, rangi ya kuandika namba milangoni, fulana za utambulisho, na malipo ya wazee wa mtaa watakaotembea na timu.

Tangaza siku ya mwisho ya kuandikishwa mapema, itangaze kwenye baraza la chifu, kanisani, msikitini na kwenye vikundi vya simu vya wakazi, kisha usiisogeze. Ukiisogeza mara moja, kijiji cha kaya 1,200 kitakuwa na kaya 1,900 kufikia mwisho wa mwezi, na wengi wa hao 700 watakuwa wameletwa na mtu aliyewauzia nafasi.

Rejista itofautishe watu wa aina nne angalau: mpangaji anayelala pale, mwenye nyumba anayelala pale, mwenye nyumba anayeishi kwingine na kuja kuchukua kodi, na mfanyabiashara mwenye kibanda asiyelala pale. Mama anayeuza mboga mbele ya mlango wake ni mpangaji na ni mfanyabiashara pia, na hasara yake ni mbili: chumba na wateja. Rejista yenye safu moja tu ya "aina ya mkazi" itamfuta upande mmoja.

Kuna jambo moja dogo ambalo lilinifunza zaidi kuliko semina nyingi. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, mama mmoja alitoa chini ya godoro bahasha ya kaki yenye risiti za kodi za miaka 6, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la kijiji, na kitambulisho cha mume wake aliyekuwa amefariki. Mwandikishaji aliyefika mwanzo alikuta kitambulisho hicho na kuandika jina la marehemu kama mkuu wa kaya. Malipo yalipotoka, yalitoka kwa jina la mtu aliyezikwa. Ilichukua wiki tisa, barua ya chifu, na safari nyingi za ofisini, kulirekebisha jambo ambalo lingechukua dakika mbili mlangoni. Tangu hapo naandika kila mtu mzima wa kaya kwa jina na namba yake ya kitambulisho, na naacha nafasi ya mkazi kusoma alichoandikiwa na kutia sahihi. Baada ya hapo orodha nzima ibandikwe hadharani siku 14, namba za milango na majina tu, ili watu wasahihishe.

Namba za vitambulisho na simu zisibandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu, na zaidi ya sheria, orodha ya watu wanaosubiri pesa ikiangukia mikononi mwa walaghai, jioni hiyo hiyo wakazi wataanza kupigiwa simu.

Hatua ya tatu: gharama ya kaya moja, kisha zidisha

Kaya inayohama ili irudi baadaye ina gharama za kwenda, gharama za kukaa na gharama za kurudi. Gharama za kwenda na kurudi ni rahisi kukokotoa. Ukihamisha kaya 20 kwa siku, kwa siku 4 za wiki, utamaliza kaya 1,200 kwa siku 60, yaani wiki 15. Siku ya tano ya wiki ni ya kusahihisha yaliyoharibika, nayo huharibika. Kanta moja, yaani lori dogo la mizigo, ikifanya safari 4 kwa siku, utahitaji kanta 5. Kwa shilingi 12,000 kila moja, hiyo ni shilingi 60,000 kwa siku, au shilingi 3,600,000 kwa zoezi zima. Wabebaji 20 kwa shilingi 1,500 kila mmoja ni shilingi 30,000 kwa siku, au 1,800,000 kwa siku zote. Jumla ni shilingi 5,400,000 ya kwenda, na kwa kuwa watu hao wanarudi, ni 10,800,000. Safari ya kurudi huachwa nje ya bajeti mara nyingi kwa sababu iko miaka miwili mbele, na aliyeandika bajeti hatarajii kuwapo.

Gharama ya kukaa ndiyo nzito. Ikiwa idara inalipa fidia ya kodi ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa miezi 24, kila kaya inagharimu shilingi 144,000, na kaya 1,200 zinagharimu shilingi 172,800,000. Sasa mkandarasi akichelewa miezi 6, utadaiwa shilingi 36,000 zaidi kwa kila kaya, yaani shilingi 43,200,000 ambazo hazikuwa popote kwenye makadirio. Tafadhali iandike namba ya aina hii kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi lako la fedha. Wakuu wengi wanaliona ucheleweshaji kuwa jambo la mkandarasi. Wakiiona gharama ya kila mwezi kwa shilingi, wanaanza kuuliza maswali mapema.

Nairobi inalo funzo lake hadharani. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda za Lang'ata mwaka 2009 chini ya mpango wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda. Nyumba 822 walizokuwa wakizingojea zilikabidhiwa mwaka 2016. Kesi za mahakamani zilichangia kuchelewa huko, lakini kwa mpangaji wa bajeti sababu si muhimu kuliko muda: makao ya muda yaligeuka kuwa makao ya miaka 7, mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alirudi akikaribia kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo ukipanga miezi 24, weka pia mpango wa miezi 36, na useme wazi fedha za mwaka wa tatu zitaombwa lini.

Fidia ya wenye nyumba hukokotolewa kando, kwa thamani ya kujenga upya jengo lile lile kwa bei ya sasa, bila kupunguza kwa sababu ya uchakavu. Benki ya Dunia na wafadhili wengi hudai kipimo hicho kwa miradi wanayoigharimia, na hata pale ambapo fedha ni za serikali pekee, ndicho kipimo kinachowaacha watu wakiwa hawajarudishwa nyuma. Wafanyabiashara nao hupewa fidia ya kipato cha kipindi cha mpito. Hapa usitegemee hesabu za vitabuni, kwa kuwa mwenye kibanda hana vitabu. Kaa naye siku moja ya sokoni na moja ya kawaida, uhesabu.

Mwisho weka akiba ya dharura. Mimi huweka asilimia 10 ya gharama zote za kaya, nikiitaja kwa jina lake, bila kuificha ndani ya usafiri.

Hatua ya nne: watu wa kuajiri

Hapa ndipo idara nyingi huvunjika. Muundo wa kawaida huanza na mkurugenzi, naibu wake, wahandisi, watathmini na dereva, na mwisho kabisa "afisa mmoja wa masuala ya jamii". Afisa huyo mmoja, kwa kaya 1,200, hawezi hata kuwapigia simu wote kwa mwezi.

Nguzo ya idara ni afisa wa kaya: mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa sura na kaya 80, anayezifuata tangu maandalizi ya kuhama hadi zinaporejea. Kwa kaya 1,200 unahitaji maafisa 15. Tuseme gharama kamili ya kila mmoja ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa miezi 30, yaani miezi 3 ya maandalizi, 24 ya ujenzi na 3 ya kurejea, maafisa 15 wanagharimu shilingi 31,500,000. Linganisha na shilingi 43,200,000 za kuchelewa miezi 6. Kuchelewa kunatokana na mambo mengi, lakini kaya chache zinazokataa kutoka kwa sababu hakuna aliyewaeleza kitu zinaweza kusimamisha tingatinga kwa muda mrefu kuliko mvua. Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: mkiambiwa mpunguze bajeti, punguzeni magari, samani na warsha za hotelini kabla ya kumgusa afisa wa kaya hata mmoja. Na ukiweza kuendelea kuwalipa wachache wao miezi 9 zaidi baada ya kurejea, omba fedha hizo tangu mwanzo.

Juu ya maafisa hao weka wasimamizi 3, kila mmoja na maafisa 5. Dawati la malalamiko liwe na watu 2 wasiowajibika kwa wasimamizi hao, kwa sababu malalamiko mengi yatawahusu. Ofisi ya rejista iwe na mtunza kumbukumbu na fundi wa takwimu. Wahasibu wawe 2, ili anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha. Ongeza mwanasheria, mtathmini, mpimaji, afisa ununuzi, na mshauri wa kijamii anayejua kushughulika na wajane, wagonjwa wa muda mrefu na watoto wanaoishi peke yao. Fundi wa ujenzi mmoja anatosha. Wahandisi wa mradi wako kwingine.

Afisa wa kaya anapaswa kuwa nani? Shahada si kipimo cha kwanza. Tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi ya afya ya jamii, ualimu au chama cha akiba, anayeweza kusikiliza Kiswahili cha mtaa na kuandika Kiswahili cha ofisi, na asiye na nyumba ya kupangisha katika kijiji kinachohamishwa. Sharti hili la mwisho liandikwe kwenye tangazo na lithibitishwe na rejista. Mpango maalumu wa eneo la Mukuru, uliotangazwa mwaka 2017 kwa ajili ya kaya zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba wakazi waliojipanga kwa makundi ya nyumba kumi wanaweza kushiriki upangaji wa mji kwa kina. Idara yenye busara huwaajiri vijana kutoka kwenye makundi hayo badala ya kuleta wageni na kuwafundisha njia.

Hatua ya tano: ajira halali, na mtego wa vibarua

Kwa kaunti, nafasi huundwa na wafanyakazi huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na viwango vya malipo hufuata ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Anza kuzungumza na bodi miezi 9 kabla ya kumhitaji mtu. Peleka ikama, yaani orodha ya nafasi na idadi, pamoja na maelezo ya kazi ya kila nafasi na barua ya hazina kwamba fedha zipo. Katiba inataka pasiwe na jinsia inayozidi theluthi mbili na kwamba watu wenye ulemavu wapate asilimia 5 ya nafasi hatua kwa hatua. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia zijazwe na watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Katika kazi ya kugonga milango ya watu, masharti haya yana faida ya moja kwa moja: kuna milango ambayo mwanamume hafunguliwi.

Kanuni za fedha za kaunti zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kwa shinikizo hilo, wakuu watakushawishi uwaite maafisa wako "vibarua" na kuwalipa kutoka fungu la maendeleo. Usikubali. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu. Ukiwaweka vibarua 15 kwa miaka miwili utadaiwa likizo, notisi na malimbikizo. Njia safi ni mkataba wa muda maalumu wa miezi 30, wenye kiinua mgongo mwishoni, ulioandikwa wazi kwamba unaisha mradi unapoisha. Kibarua abaki kuwa mbebaji wa siku za kuhama.

Unapokokotoa mshahara usisahau mchango wa mwajiri kwa NSSF na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao mwajiri hulipa juu ya ule wa mfanyakazi, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Ongeza muda wa maongezi, nauli ya ndani ya mtaa, buti za mvua na bima ya ajali kazini.

Hatua ya sita: ingia kwenye kalenda ya bajeti kwa wakati

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, na mradi usiokuwemo humo utapata shida miezi yote inayofuata. Waraka wa hazina unaoelekeza utayarishaji wa bajeti hutoka kufikia tarehe 30 Agosti. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, nao ndio unaoweka dari ya kila sekta. Ukingoja mpaka Aprili kuanza kutetea maafisa wako 15, umechelewa. Makadirio huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili.

Andika ombi lako kama programu yenye matokeo yanayopimika. Usiandike "kuwezesha uhamisho". Andika kwamba kaya 1,200 zitahamishwa, zote zikiwa zimelipwa kodi ya miezi 3 ya mwanzo kabla ya siku ya kuhama, na malalamiko kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14. Mwakilishi wadi anaweza kutetea sentensi ya namna hiyo mbele ya wenzake, na mkaguzi anaweza kuipima.

Gawanya fedha kwa miezi mitatu mitatu ukizingatia mambo matatu yanayogongana. Fedha huchelewa kutoka Julai na Agosti, kwani kila utoaji huhitaji idhini ya Mdhibiti wa Bajeti na hazina yenyewe ndiyo kwanza inaanza mwaka. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na njia za vijiji vilivyo kando ya Mto Ngong au Mathare hazipitiki kwa kanta. Watoto nao wako shuleni kwa mihula mitatu. Wiki 15 za kuhama haziwezi kukwepa yote haya. Ninachofanya ni kutenga kaya zenye wanafunzi zihame wakati wa likizo za Agosti na Novemba, nikiwa nimezilipa fedha zao katika robo iliyotangulia, na kaya nyingine zijaze kati. Desemba iachwe, kwa kuwa nusu ya milango itakuwa imefungwa watu wakiwa wamekwenda ushago.

Kama dharura itazuka, sheria huruhusu kaunti kutumia fedha zaidi kwa bajeti ya ziada ndani ya kikomo cha asilimia 10, lakini hiyo ni njia ya kaunti nzima inayogombaniwa na idara zote. Usiijenge idara yako juu yake.

Hatua ya saba: malipo, siku ya kuhama, na kufunga hesabu

Lipa kwa njia inayoacha alama, benki au M-Pesa, na jaribu kwanza kwa kutuma shilingi 10 kwa kila kaya. Utashangaa ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina la dada, jirani au mwajiri wa zamani; bora ulijue hilo kwa shilingi 10 kuliko kwa shilingi 18,000. Malipo ya kaya yasiingizwe kwenye foleni moja na bili za wakandarasi. Ankara ya mkandarasi inaweza kuvumilia. Kodi ya mpangaji ikichelewa wiki mbili, mwenye nyumba mpya anafunga mlango kwa kufuli.

Siku ya kuhama, afisa wa kaya awepo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi akiwa na karatasi ya vitu: kitanda, godoro, mtungi wa gesi, televisheni, sanduku, mapipa ya maji. Mkazi na afisa watie sahihi kabla kanta haijaondoka na baada ya kushusha. Karatasi hiyo moja imeniepusha na kesi nyingi za mali iliyopotea. Mgonjwa, mjamzito na mzee wasafirishwe kwa gari dogo, nalo liwe limo kwenye bajeti. Mapema asubuhi hiyo afisa ampe kila kaya cheti chenye namba ya mlango wa zamani, majina ya watu wazima wote wa kaya, na ahadi ya idara kuhusu nyumba watakayorudia, kikiwa na sahihi na muhuri. Cheti hicho kitunzwe nakala tatu, moja kwa mkazi, moja kwa rejista na moja nje ya idara kabisa, kwa sababu maafisa huhamishwa na ofisi huunganishwa, na mkazi atakapofika miaka mitatu baadaye mbele ya kaunta mpya yenye sura mpya, kitakuwa ndicho ushahidi wake.

Malalamiko yajibiwe kwa maandishi yenye sababu. Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya mwaka 2015 inampa mtu haki hiyo. Kila mwezi dawati lipeleke kwa mkurugenzi ukurasa mmoja: mangapi yamefika, mangapi yamefungwa, mangapi yamepita siku 14, na majina ya maafisa waliotajwa zaidi ya mara mbili.

Baada ya kaya ya mwisho kurudi, usiwaruhusu wafanyakazi wote waondoke siku moja. Baki na maafisa wa kaya 4 na mhasibu mmoja kwa muda uliouombea fedha. Wapewe orodha ya kaya zote 1,200 na maswali matano ya kuuliza kila mlango: nani analala hapa sasa, je, ni yule yule aliye kwenye cheti, analipa kiasi gani kwa mwezi, kazi au biashara yake imerudi, na kuna deni lolote ambalo idara bado haijamlipa. Majibu yaingizwe kwenye rejista ile ile mliyoanza nayo kazi, milango ambayo jina limebadilika iwekewe alama, na madeni yaliyobaki yaorodheshwe kwa kiasi na kwa jina, yaingizwe kwenye makadirio ya mwaka unaofuata kabla ya tarehe 30 Aprili.